Umeme Ukirudi, Kipi Kinawashwa Kwanza?

Nilipokabidhiwa kitengo cha mifumo kwenye kampuni ya kuuza dawa kwa jumla, nilikabidhiwa pia faili nene lenye jalada la plastiki: Mpango wa Kukabiliana na Majanga na Kurejesha Huduma. Nililisoma jioni moja mpaka mwisho, na nadhani nilikuwa mtu wa kwanza kufanya hivyo. Ukurasa mmoja ulieleza utaratibu wa kufuata theluji ikizuia wafanyakazi kufika kazini. Ghala letu liko Dar es Salaam. Aliyeuandika ule mpango, au tuseme aliyeunakili, alisahau hata kufuta theluji ya wenyewe. Kwenye orodha ya watu wa kupigiwa simu, wa kwanza alishaacha kazi, wa pili alikuwa marehemu, na namba ya zimamoto, 114, haikuwapo kabisa.

Sikulitupa faili lile, maana wakaguzi wanalipenda. Ila nilianza upya pembeni, na ninachoandika hapa kinamhusu yeyote aliyepewa jukumu kama langu kwenye biashara ya saizi ya kati, isiyo na jengo la seva wala bajeti ya benki.

Majanga yetu tunayajua bila kufundishwa. Umeme. Mvua za masika zinazofunga barabara ya Morogoro pale Jangwani, nusu ya wafanyakazi wakabaki upande wa pili. Moto wa jirani, kwa sababu maghala ya mjini yamebanana. Wizi wa kompyuta. Intaneti kupotea nchi nzima. Na janga ambalo halimo kwenye faili lolote: kijana mmoja anayejua maneno ya siri yote anapata kazi nzuri zaidi mahali pengine, anaaga Ijumaa. Mimi ningeanza na hilo la mwisho, kwa sababu ndilo linalotokea mara nyingi na ndilo rahisi kulizuia.

Kazi ya kwanza ilikuwa kuzunguka idara kwa idara na swali moja: mfumo ukizima saa mbili asubuhi, saa nne utakuwa unafanya nini? Nilitegemea majibu yanayofanana. Nilianzia stoo, kwa mama ambaye wote tunamwita Mama Stoo, mtu aliyekuwapo tangu kampuni ikiwa na chumba kimoja.

“Shikamoo mama. Tuseme saa hizi mfumo umezima.”

“Marahaba mwanangu. Umezima mfumo au umekatika umeme?”

Nikamwambia kwani kuna tofauti gani.

“Mfumo ukizima nachukua kitabu changu naandika kwa mkono, wateja wanapata mzigo, maisha yanaendelea. Umeme ukikatika nakimbilia chumba cha baridi. Nyie watu wa kompyuta mnaharakisha kuwasha kompyuta, sijui mna haraka gani.”

Chumba cha baridi ndimo zinamokaa insulini, oksitosini na chanjo, kati ya nyuzi 2 na 8. Zikipanda joto kwa muda mrefu haziuziki tena, na insulini ikiganda ndiyo basi, haifai hata kama kwa macho inaonekana nzima. Rasimu yangu ilikuwa inaanza na seva. Baada ya mazungumzo yale seva ilishuka hadi nafasi ya tatu: kwanza chumba cha baridi, pili simu za kuongea na matawi na wateja, ndipo kanzidata ya mauzo.

Mhasibu mkuu naye alinishangaza. Wahasibu kwa kawaida ndio wanaopiga kelele zaidi mfumo ukilala, ila nilipomkalisha chini akasema anaweza kukaa hata siku kadhaa bila mfumo wa hesabu, kwa sharti moja: isiwe kuelekea tarehe 7 wala tarehe 20. Tarehe 7 ni kodi ya mishahara, tarehe 20 ni VAT. Tarehe 10 mfumo wake unaweza kusubiri foleni. Tarehe 19 unapanda juu ya kila kitu isipokuwa dawa za baridi. Vitabu vingi vya fani hii vinakutaka uandike kwa kila mfumo namba moja ya saa unazoweza kuvumilia bila huo mfumo. Namba moja haitoshi. Mwezi wa biashara una mabonde na milima yake, na mpango usiojua leo ni tarehe ngapi utakutuma kuwasha kisichohitajika.

Kuna namba ya pili wataalamu wanaitaka: ni kazi ya muda gani mko tayari kuipoteza. Ukichukua nakala ya data kila usiku, seva ikifa saa kumi jioni umepoteza mauzo ya kutwa nzima. Watu wa mifumo tunalijadili hili kwa saa na dakika. Stoo walilijadili kwa ankara. Wasichana wawili wa kuingiza data, wakiwa na vitabu vya kaboni mbele yao, wanaweza kurudisha mauzo ya nusu siku ndani ya zamu moja. Mauzo ya siku mbili hawayawezi bila makosa. Basi tukakubaliana nakala ichukuliwe mara mbili kwa siku, mchana na usiku, na vitabu vya kaboni visiondolewe mezani hata kama mfumo unapendeza namna gani. Bosi alikuwa ameshaagiza visinunuliwe tena, eti tumeingia dijitali. Nilimwonyesha hesabu: bei ya katoni moja ya vitabu, na bei ya seva ya pili inayofuata ya kwanza dakika kwa dakika. Vitabu vikarudi.

Sasa nije kwenye nakala zenyewe, maana hapa ndipo watu wengi wanapojidanganya, hata wale wenye uwezo kuliko sisi.

Januari 31, 2017, mhandisi wa kampuni ya GitLab, ambayo watengenezaji wa programu dunia nzima huhifadhi kazi zao kwake, alifuta data za kanzidata iliyokuwa hai akidhani yupo kwenye seva ya akiba. Zilikuwa karibu gigabaiti 300. Alipogutuka na kusimamisha, zimebaki kama 4 na nusu. Walikuwa na njia tano za kujihami. Hakuna iliyofanya kazi ilivyotarajiwa. Nakala ya kila siku ilikuwa inashindwa kimya kimya kwa sababu programu ya kunakili ilikuwa ya toleo la zamani kuliko kanzidata. Barua pepe za kuonya kwamba inashindwa zilikuwa zinatumwa kweli, ila zinakataliwa kabla ya kufika. Kilichowaokoa ni “picha” ya kanzidata, yaani nakala yake nzima kama ilivyokuwa wakati ule, ambayo mhandisi huyo huyo alikuwa ameichukua kwa mkono saa sita kabla, kwa kazi nyingine kabisa. Walipoteza kazi ya saa sita, na kuirudisha huduma kukawachukua muda mrefu zaidi ya huo kwa sababu data zilikuwa zinasomwa kutoka kwenye diski za polepole. Nawaheshimu kwa jambo moja: waliyaeleza yote hadharani, ndiyo maana mimi huku Temeke nimeweza kujifunza kwao.

Nilichofanya baada ya kusoma kisa hicho ni kuchukua diski ya nakala na kompyuta ya zamani iliyokuwa imetupwa chini ya ngazi, nikajaribu kuifufua kampuni juu ya ile kompyuta. Data zilifunguka. Programu ya mauzo ndiyo ilikataa, kwa sababu leseni yake imefungwa kwenye mashine moja, na kuihamisha inabidi umpigie aliyetuuzia, ambaye hapokei simu Jumamosi. Basi diski nzuri, nakala nzima, na bado hakuna duka. Jumatatu tukazungumza naye mpaka akatupa leseni ya dharura kwa maandishi, ikawekwa kwenye bahasha. Ukitaka kujua afya ya nakala zako usiangalie ile alama ya kijani inayosema kazi imekamilika. Fungua nakala kwenye mashine tofauti, tafuta ankara ya mwisho, uilinganishe na kitabu cha kaboni. Ikilingana jina la mteja, kiasi na namba ya bechi ya dawa, hapo una nakala.

Halafu swali la mahali zinapokaa. Diski zetu zilikuwa kwenye droo, chini ya meza, ndani ya chumba kile kile cha seva. Julai 10, 2021 usiku Soko Kuu la Kariakoo liliwaka moto, na kesho yake mjini hakukuwa na mazungumzo mengine. Wengi walizungumzia mali. Mimi nilikuwa nawaza madaftari ya madeni: mfanyabiashara aliyeunguliwa na bidhaa ana habari mbaya, ila aliyeunguliwa na daftari la nani anadaiwa kiasi gani anaanza maisha upya. Miezi michache kabla, Machi 10 mwaka huo huo, kituo cha data cha kampuni ya OVH kule Strasbourg, Ufaransa, kiliteketea, na wako wateja waliogundua kuwa nakala zao nazo zilikuwa hapo hapo. Na kama unadhani hayo ni ya watu binafsi tu, Septemba 26, 2025 moto wa betri za lithiamu uliunguza kituo cha data cha serikali ya Korea Kusini mjini Daejeon. Hifadhi moja ya mafaili ya watumishi wa umma, yenye terabaiti 858, ikapotea. Haikuwa na nakala ya nje. Maelezo yaliyotolewa ni kwamba ilikuwa kubwa mno kunakiliwa.

Sisi hatuna terabaiti 858. Diski yetu inaingia mfukoni. Kila wiki gari la kupeleka mzigo tawi la Morogoro linabeba diski moja na kurudi na ya wiki iliyopita, dereva anasaini kama anavyosaini dawa. Gharama yake ni sifuri, kwa sababu gari linakwenda tu. Aliyeleta wazo hilo ni dereva mwenyewe, aliyekuwa anasikiliza kikao mlangoni akisubiri kusainiwa safari.

Lakini diski ikisafiri inaweza kuibwa, na ndani yake mna majina ya hospitali, ya maduka, na mahali pengine ya wagonjwa. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, haitakuonea huruma eti ulikuwa unajilinda na moto. Kwa hiyo diski imefungwa kwa neno la siri. Neno hilo liko kwenye bahasha mbili zilizogongwa muhuri, moja kwenye kasiki la bosi, nyingine kwa meneja wa Morogoro. Halimo kichwani mwangu peke yangu, na hilo nililisisitiza mwenyewe. Sitaki kuwa yule kijana anayeaga Ijumaa.

Kuna wakati watu walinishauri niache habari za diski na magari, kila kitu kiende kwenye wingu, yaani seva za kukodi zinazofikiwa kwa intaneti. Tumepeleka baadhi, na sijutii. Ila Mei 12, 2024, siku ya Jumapili, mikongo miwili ya baharini ilikatika upande wa Afrika Kusini na Msumbiji, na intaneti ikawa ya kuchechemea Tanzania na nchi kadhaa jirani. Jumatatu asubuhi jirani yetu mmoja, ambaye mauzo yake yote yako kwenye seva za Ulaya, alikaa na keshia zake wakitazamana. Data zake zilikuwa salama kabisa, hakuna hata moja iliyopotea; hakuweza kuzifikia tu. Kwetu seva ya ndani iliuza kama kawaida, matawi yakapiga simu kuuliza stoku, na malipo ya simu kwa menyu ya nyota, yasiyohitaji intaneti, yalikuwa yanapita. Siku hiyo orodha ya bei iliyochapishwa kwenye karatasi, ambayo vijana wanaicheka, ilitoka kabatini.

Kinyume chake nacho ni kweli. Virusi vinavyofunga mafaili vinakula kila kilichounganishwa, nakala zikiwamo. Juni 27, 2017 virusi vya NotPetya vilipoishambulia kampuni ya meli ya Maersk, seva zinazotambua nani ni nani kwenye mtandao wao zilifutwa karibu zote kwa mkupuo. Zilikuwa zaidi ya mia, na kila moja ilikuwa akiba ya mwenzake. Hakuna aliyewaza kuwa zote zinaweza kufa pamoja. Ikabaki moja, Ghana, kwa sababu umeme ulikuwa umekatika pale ofisini na yenyewe ilikuwa imezima virusi vilipopita. Mtandao wa kule ulikuwa wa polepole mno kuituma ile nakala, ikabidi diski ibebwe na watu kwa ndege hadi Uingereza, ikipitia Nigeria kwa mtu mwenye viza. Nikisimulia kisa hiki ofisini watu wanacheka sana, eti mgao wa umeme umeokoa kampuni ya Wazungu. Mimi nakitumia kudai jambo moja tu: angalau diski moja iwe imechomolewa, imelala, haijaunganishwa na kitu chochote. Ile ya Morogoro inatosha.

Sehemu iliyonichukulia muda mwingi zaidi haikuwa ya kompyuta. Ilikuwa jenereta.

Agosti 25, 2023 usiku umeme ulikatika sehemu kubwa ya Kenya, na kwenye uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta jenereta mojawapo ikagoma kuwaka; abiria wakakaa gizani na waziri akalazimika kuomba radhi. Nikasema kama yamewapata wenye uwanja wa ndege, acha tujaribu letu. Jumamosi moja mchana, baada ya kufunga, tukashusha swichi kuu. Mlinzi wa usiku tulimwita mapema, kwa sababu majanga yana tabia ya kuja kwenye zamu yake, na ufunguo wa chumba cha jenereta ulikuwa hauko kwake. Akafundishwa, akaliwasha mwenyewe. Liliwaka vizuri. Taa zote zikawaka, kompyuta zikawaka, kiyoyozi cha ofisi ya bosi kikawaka. Tukaanza kupongezana.

Mama Stoo hakupongeza mtu. Alikuwa amesimama mlango wa chumba cha baridi ameweka kiganja ukutani. “Hakingurumi,” akasema.

Fundi umeme aliyekuja Jumatatu alifungua ubao wa swichi akatuonyesha. Chumba cha baridi kilijengwa baadaye, na aliyekiunganisha alichukua umeme kabla ya swichi ya kubadilishia kati ya gridi na jenereta, upande wa gridi tu. Yaani tangu kijengwe, jenereta halikuwahi kukigusa. Umeme ulipokatika kwa muda mfupi miaka yote hiyo, kuta zake nene zilihifadhi ubaridi na hakuna aliyegundua. Ungekatika usiku kucha mwezi wa pili, kwa joto lile la Dar, tungekuta dawa za mamilioni zimeharibika huku kiyoyozi cha bosi kikipuliza vizuri. Waya ulihamishwa kwa siku moja. Kiyoyozi kikaondolewa kwenye jenereta, na bosi hakubisha.

Kutokana na zoezi lile tuliandika pia mpangilio wa kuwasha umeme ukirudi, karatasi moja iliyowekewa plastiki na kubandikwa kando ya ubao wa swichi. Umeme ukirudi mara nyingi hurudi kwa kishindo, unapanda na kushuka, kisha unakatika tena. Kwa hiyo swichi za vifaa hushushwa mara tu umeme unapokatika, na ukirudi tunasubiri utulie. Kwanza chumba cha baridi, na joto linaandikwa kwenye daftari lake. Halafu vifaa vya mtandao. Halafu seva ya kanzidata, mpaka imalize kujikagua. Halafu programu ya mauzo. Kompyuta za keshia na mashine za EFD, zile za kutoa risiti za kodi, zinakuja mwisho. Ukigeuza mpangilio huu, keshia anawasha, anaona programu haimpokei, anabofya tena na tena, na unapata mauzo yaliyoingia mara mbili ambayo yatakusumbua wiki nzima.

Chini ya karatasi hiyo yako majina na namba za simu, na mbele ya kila jina, msaidizi wake. Yupo pia mwenye ruhusa ya kununua dizeli bila kumsubiri bosi, na fedha taslimu za kazi hiyo ziko kwenye kasiki dogo, kwa sababu siku ya janga huwezi kutegemea mtandao wa simu. Kuhusu ruhusa hii tulibishana kuliko teknolojia yote. Bosi alisema atakuwa anapatikana. Nikamuuliza akiwa kwenye ndege je. Akafikiri, akasaini.

Mazoezi yanaendelea, kila mara janga tofauti, na mhusika mmoja anaambiwa abaki nyumbani asipokee simu ili tuone kazi inakwenda vipi bila yeye. Mara ya mwisho aliyebaki nyumbani nilikuwa mimi. Nasikia walichelewa kuipata bahasha, kwa hiyo sasa kasiki lina funguo mbili. Zoezi lijalo nimependekeza tulifanye tarehe 18, seva ya hesabu ikiwa imezimwa na marejesho ya VAT hayajapelekwa. Mhasibu mkuu amekataa kata kata, anasema nitafute tarehe 11. Nimemjibu kwamba tarehe 11 haitatuonyesha kitu. Suala liko mezani kwa bosi, na Mama Stoo yuko upande wangu.